Barua ya wazi kwa wenye mamlaka na wenye mimbari: ulizeni nani alitoa ruhusa

Waheshimiwa mlio serikalini, nanyi waheshimiwa mnaosimama kwenye mimbari na madhabahu,

Kila yanapotokea mauaji ya chuki, kabla hata marehemu hawajazikwa, husikika kauli mbili. Ya kwanza hutoka kwa wasioipenda dini, nao husema kwamba imani ndiyo mama wa mauaji haya na kwamba dunia ingetulia siku watu watakapoacha kusali. Ya pili hutoka kwenu: kwamba muuaji hakuwa mwenzetu, kwamba dini yetu ni ya amani, na kwamba aliyetenda hayo ni mhalifu kama wahalifu wengine. Nimewahi kuziamini kauli zote mbili kwa nyakati tofauti za maisha yangu. Leo ninawaandikia kwa sababu naona kwamba zote mbili zinalikimbia swali moja. Ya kwanza inaishitaki imani, kitu ambacho hakiwezi kusimama kizimbani. Ya pili inamshitaki mtu mmoja aliyeshika silaha. Aliyempa mtu huyo maneno, aliyemtayarishia moyo, na aliyekaa kimya wakati anatayarishwa, wote wanarudi nyumbani salama.

Naanza na hatia yangu mwenyewe, maana nisipoitaja sina haki ya kuwaandikia. Miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba ya ibada ninamosali, mhubiri mgeni alifika kwenye sehemu ya mahubiri yake iliyowahusu jirani zetu wa dini nyingine. Hakusema wapigwe. Alisema kwa sauti ya upole, sauti iliyokaribia huzuni, kwamba watu wale ni najisi na kwamba najisi haikaribishwi mezani. Kisha akanyamaza, akainua kiganja, akasubiri itikio. Mbele yangu alikaa mtoto wa miaka saba au minane. Nilimwona akigeuka kumtazama mama yake usoni ili ajue kama neno lile ni la kuitikiwa. Mama aliitikia amina. Mtoto akageuka tena mbele, naye akaitikia. Mimi niliyekuwa nyuma yao niliitikia vile vile, kwa mazoea, ulimi ukitangulia akili, na nilikwisha kufika nyumbani nilipotambua nilichokuwa nimekikubali. Hakuna kiongozi yeyote wa ibada aliyemrudi mhubiri yule, siku ile wala baadaye. Hakuna jirani aliyepigwa wiki ile. Mngetuma wapelelezi, wasingekuta kosa. Lakini mtoto alijifunza jambo, na alijifunza kwa kumtazama mama yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri neno moja, nalo ni ruhusa. Watu wengi wana chuki ndogo ndogo ndani yao: kinyongo cha ardhi, wivu wa biashara, hofu ya wageni, kisasi cha ndugu aliyeuawa. Wengi wao hufa bila kumwinulia mtu mkono, kwa sababu kuna kitu ndani yao kinachokataa. Ili chuki hiyo ifike hadi kwenye damu, lazima mtu anayeheshimika aje aseme kwamba kile kinachokataa kimekosea. Ndiyo maana swali la kwamba imani ina hatia au haina halinipi jibu. Ninachotaka kujua kila mara ni nani alisema inaruhusiwa, na nani, akiwa na uwezo wa kusema hairuhusiwi, alinyamaza.

Itazameni Rwanda ya mwaka 1994, nchi iliyojaa Wakristo, ambako mara nyingi aliyeua na aliyeuawa walikuwa wamebatizwa katika kanisa moja. Aprili mwaka ule, katika parokia ya Nyange, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haivunjwi. Ilivunjwa kwa tingatinga, paa na kuta zikawaangukia waliokuwa ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, na mwaka 2008 majaji wa rufaa wakamhukumu kifungo cha maisha, baada ya kuridhika, pamoja na mengine, kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha dereva wa tingatinga upande wa kanisa uliokuwa dhaifu.

Nawaomba mkae na jambo hilo kidogo kabla hamjaendelea kusoma. Mpita njia haujui upande dhaifu wa jengo. Anaujua mwenye nyumba, yule aliyezunguka kuta zile asubuhi na jioni, aliyeona ufa ukianza, aliyepanga kuuziba fedha zikipatikana. Elimu ile ile ya ulezi ndiyo iliyogeuzwa kuwa elimu ya kubomoa. Nanyi mnaoongoza ibada mnaujua upande dhaifu wa waumini wenu kuliko sisi sote: mnajua nani ana uchungu, nani amefiwa, kijana gani hana kazi na anatafuta mtu wa kumlaumu. Ujuzi huo mmepewa kwa amana.

Mwezi ule ule, huko Gisenyi, alikuwako Mkatoliki mwingine, Félicité Niyitegeka, Mhutu, mlei aliyejitoa kulitumikia kanisa, ambaye aliwahifadhi Watutsi katika kituo alichokiongoza na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi, na alimtaka aondoke ili ajiokoe. Félicité alimjibu kwa barua kwamba, kuliko kujiokoa kwa kuwaacha watu 43 waliokuwa mikononi mwake, anachagua kufa pamoja nao. Akauawa.

Kanisa lilikuwa moja, katekisimu moja, mwezi mmoja, na sala ya Baba Yetu ni ile ile. Anayesema kwamba imani ya Kikatoliki ndiyo iliyoua Nyange hana namna ya kunieleza Gisenyi. Na anayesema kwamba padri yule hakuwa Mkristo wa kweli hana namna ya kunieleza kwa nini watu 1,500 walimwamini hata wakaingia ndani ya kanisa lake. Chuki yenyewe haikuzaliwa madhabahuni: ilijengwa na vitambulisho vya kabila vilivyoletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, ikalelewa na siasa, ikachochewa na vita na redio iliyowaita watu mende. Lakini ilipofika mlangoni pa kanisa ilimkuta mtu mwenye uwezo wa kuikatalia, na hakuikatalia.

Wanaodhani kwamba dini ikiondoka chuki itaondoka nayo waitazame Kambodia. Kati ya mwaka 1975 na 1979 wakomunisti wa Khmer Rouge waliotawala huko walipiga dini marufuku, wakawavua watawa wa Kibudha majoho yao, wakalibomoa kanisa kuu la Phnom Penh, na chini ya utawala wao wakafa watu wapatao milioni 1.7, huku Wacham Waislamu wakiwa miongoni mwa walioandamwa vikali zaidi. Utawala usioamini Mungu ulipata kwingine maneno yake ya usafi na unajisi, ukapata na wa kuyatamka. Nako Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, aliyewaua watu 51 katika misikiti miwili alisukumwa na itikadi ya ubora wa watu weupe na hofu kwamba wengine wanakuja kuchukua mahali pao. Hakwenda kubishana na mtu juu ya Mungu. Alikwenda msikitini kwa sababu huko ndiko angewapata aliowachukia wakiwa wameinama. Mzee aliyekuwa mlangoni alimkaribisha kwa kumwita ndugu.

Hata hivyo sitaki mifano hii iwe mto wa kulalia. Najua baadhi yenu mtaisoma aya iliyotangulia kwa faraja na kuiacha barua hapo. Dini ina vitu ambavyo siasa huvitafuta kwa shida. Ina umati uliokwisha kukusanyika, unaokuja wenyewe kila wiki na kuketi kimya. Ina sauti inayosemwa si ya mwanadamu, kwa hiyo haijibiwi. Ina maneno ya safi na najisi, ya aliye ndani na aliye nje, na ina ahadi ya kwamba hesabu ya mwisho haifanyiki hapa duniani. Vitu hivyo vimewainua watu kufanya mema ambayo mimi, kwa udhaifu wangu, nisingeyathubutu. Vikishikwa na mwenye chuki, chuki yake haijuti tena, kwa kuwa inajiona ni utii.

Waziri mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, alipouawa mwaka 1995, muuaji wake, Yigal Amir, hakuona kwamba amevunja sheria ya dini yake, alidai kuitekeleza. Iko katika sheria ya kale ya Kiyahudi dhana ya mtu anayemkimbiza mwenzake ili amuue, ambaye inaruhusiwa kumzuia hata kwa kumwua. Kwa karne nyingi dhana hiyo ilikuwa ya kuokoa maisha. Katika miezi ya kabla ya mauaji, wapo waliokuwa wakiizungumza dhidi ya Rabin kwa sababu ya mapatano yake na Wapalestina, na Amir aliyasikia mazungumzo hayo. Maandiko yalikuwapo tangu zama; kipya kilikuwa watu wenye heshima waliokubali kuyaambatanisha na jina la mtu aliye hai.

Na kama kuna anayedhani kwamba zipo dini zilizo salama kwa asili yake, aitazame Myanmar, ambako Ubudha, unaofundisha kutodhuru hata kiumbe kidogo, haukuwazuia baadhi ya watawa, Ashin Wirathu akiwa maarufu kati yao, kuhubiri miaka kadhaa kwamba Waislamu ni tishio kwa taifa. Mwaka 2017 jeshi lilipowashambulia Warohingya, jamii ya Waislamu wa nchi hiyo, na zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh, nchi ilikuwa imekwisha kuandaliwa masikio.

Sasa nawageukia moja kwa moja nyinyi wa mimbari. Kauli yenu ya kwamba muuaji si mwenzetu naielewa, kwa maana ina nia ya kuwalinda waumini wasio na kosa wasilipiziwe kisasi, na nia hiyo ni njema. Lakini imekuwa pia mlango wa kutokea. Mkishasema si mwenzetu, hamlazimiki tena kuuliza alisali wapi, alisikiliza kanda za nani, na nani kati yenu alimpongeza kwa ukali wake alipokuwa bado ana ukali wa maneno tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huwezi kukitafuta ukiwa umeapa kwamba nguo si yako.

Yapo makanisa yaliyowahi kutenda kinyume chake. Kwa miongo mingi Kanisa la Reformed la Makaburu wa Afrika Kusini liliupa ubaguzi wa rangi msingi wa Biblia. Mwaka 1982 Muungano wa Dunia wa Makanisa ya Reformed ulikutana Ottawa, ukatamka kwamba kuuhalalisha ubaguzi huo kwa Neno la Mungu ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Makaburu. Angalieni walivyofanya: hawakusema watu hao hawatuhusu. Walisema watu hao ni wetu, wanasoma kitabu chetu, na kwa sababu hiyo ni juu yetu kutamka kwamba wamekisoma kwa uongo. Utawala wa ubaguzi haukuanguka siku ile. Ila tangu siku ile, aliyetaka kubagua kwa jina la Mungu alijua kwamba ndugu zake wa imani duniani wamemnyima ruhusa, tena kwa maandishi.

Nanyi wa serikalini, nina maneno mawili kwenu, na la kwanza ni chungu. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti uliowahoji watu waliojiunga kwa hiari yao na makundi ya msimamo mkali barani Afrika. Walipoulizwa ni tukio gani hatimaye liliwasukuma, asilimia 71 walitaja kitendo cha dola, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Zaidi ya nusu walitaja dini kuwa sababu ya kujiunga. Lakini asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini hiyo wanayaelewa kidogo mno au hawayaelewi kabisa. Waliokuwa wamesoma elimu ya dini kwa angalau miaka sita, uwezekano wao wa kujiunga ulikuwa mdogo kwa hadi asilimia 32. Katika ripoti iliyofuata, ya mwaka 2023, waliotaja dini walikuwa asilimia 17 tu, na waliotaja kutafuta kazi walikuwa asilimia 25.

Someni takwimu hizo pamoja, si moja moja. Mnapozingira mtaa mzima kwa sababu ya mtu mmoja, mnapowakusanya vijana kwa ndevu zao au kwa majina yao, mnapofunga madarasa ya dini kwa kudhani kwamba humo ndimo sumu inamotengenezwa, mnamwandalia mchochezi kazi yake. Yeye anahitaji vitu viwili: kijana aliyeumizwa na kijana asiyejua kitabu chake. Cha kwanza mnampa kwa msako, na cha pili mnampa kwa kufuli. Kijana aliyekaa miaka sita mbele ya mwalimu mwenye subira amekwisha kujua kwamba aya ina kilichotangulia na kinachofuata, na kwamba wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi. Mtu akimjia na nusu ya aya, atamuuliza ilipo nusu nyingine.

La pili ni kuhusu mizani yenu. Mhubiri wa kundi dogo lisilo na kura akitamka neno kali, mnamkamata siku hiyo hiyo. Mhubiri wa kundi kubwa, anayewaombea mbele ya kamera na kuwanyanyua mikono kwenye mikutano ya kampeni, hutamka neno kali zaidi, nanyi mnaketi safu ya mbele mkitabasamu. Kila mtu anawaona. Tabasamu lenu ni ruhusa pia, tena ni nzito kuliko ya mhubiri, kwa sababu lina polisi nyuma yake. Wala hamwezi kusema hamna kipimo. Mpango wa Utekelezaji wa Rabat, uliotolewa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012, umeweka vigezo sita vya kupima kama maneno yamefikia uchochezi: mazingira yaliyopo, hadhi ya msemaji, nia yake, maudhui na namna yalivyosemwa, upana wa kusambaa kwake, na uwezekano wa madhara kutokea. Ukivisoma vigezo hivyo kwa unyoofu, utaona kwamba msemaji mwenye heshima na wafuasi wengi ndiye anayepaswa kupimwa kwa ukali zaidi. Nyinyi mmeugeuza mkono wa mizani.

Siombi sheria ya kuwaziba wahubiri midomo. Sheria za namna hiyo huanza na wachochezi na kuishia kwa wakosoaji, na nchi zenye sheria kali za kukufuru hazijapata amani kwa sheria hizo. Mara nyingi shitaka lenyewe limekuwa wito wa umati kuua. Kumwambia mtu kwamba imani yake imekosea ni haki ya kila mmoja, nami nitaitetea hata inaponiumiza. Kumwita najisi, mende au takataka ni jambo jingine, kwa sababu najisi huondolewa, na takataka huchomwa.

Desemba 2015, karibu na Mandera, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na akafariki mwezi uliofuata. Nimelifikiri sana basi lile. Wapiganaji walikuja na ruhusa yao tayari, imeandikwa kwa maneno ya dini, na abiria wa dini hiyo hiyo wakaikataa hapo hapo barabarani, mbele ya bunduki, bila kusubiri tamko la mtu yeyote. Mahali fulani walikuwa wamefundishwa hivyo, na mtu, pengine mzazi, pengine mwalimu wa chuo ambaye jina lake halitajulikana kamwe, ndiye aliyewafundisha.

Ninachowaomba wenye mimbari ni hiki: mgeni wenu akimwita jirani najisi, msisubiri hadi wiki ijayo. Simameni siku ile ile, mbele ya waumini wale wale waliosikia, mseme kwamba neno hilo si letu na amina yake imeondolewa. Mkifanya hivyo faraghani, ofisini, mtoto aliyemtazama mama yake hatajua. Na muuaji akitoka kwenu, ungameni alikotoka kabla hamjatangaza asivyo. Wenye serikali nawaomba mtumie kipimo kimoja kwa mhubiri anayewaombea na kwa yule asiyewaombea, na mkome kuadhibu mitaa kwa makosa ya watu. Walipeni walimu wa dini wenye elimu heshima yao, hata pale mafundisho yao yasipowasifu.

Mhubiri yule niliyemtaja nimemwandikia barua yake mwenyewe, na nakala nimempelekea kiongozi aliyemwalika. Nimemwambia kwamba amina niliyoitikia siku ile nimeiondoa. Nimechelewa miaka mingi. Mtoto aliyekaa mbele yangu sasa ni kijana mkubwa, bado anasali nasi, na hukaa safu ile ile. Sijamuuliza bado kama anakumbuka, lakini nitamuuliza.

Wenu kwa heshima,

Muumini na mwananchi